Gari la Kiitaliano Lililoitwa Safari

Nimekaa kimya karibu wiki tatu. Mteja mmoja alibadilisha mfumo wake wa malipo siku mbili kabla ya kuuzindua, na ninyi mnaoandika programu mnajua hilo humfanya nini mtu na usingizi wake. Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala Linux. Nitaandika kuhusu gari. Anayetaka mambo ya tarakilishi arudi wiki ijayo, ingawa yamo kidogo humu.

Yote yalianza na mchezo. Katika EA Sports WRC, mchezo wa mbio za magari uliotoka 2023, wameweka barabara za Safari Rally ya Kenya. Usiku mmoja hapa Kakamega, mvua imeshanyesha kama kawaida yake, nilichagua gari dogo nisilolijua kwa sababu tu lilikuwa na sura nzuri: Lancia Fulvia HF. Milango miwili, vioo vikubwa, nguzo za paa nyembamba kama vijiti, taa nne za mbele kama mtu aliyekodoa macho. Mjomba wangu, khotsa kama tunavyosema nyumbani, alikuwa nyuma yangu anakunywa chai. Yeye ni mekanika tangu ujana wake, na michezo ya tarakilishi humwona nayo kama mtu anayepoteza stima. Lakini aliweka kikombe chini.

"Mwiwa, hilo gari lilikuja hapa."

Nikamwambia khotsa, huu ni mchezo tu, wametia magari yao kwenye barabara zetu.

"Nakwambia lilikuja. Mwaka wa Joginder na Lancer. Lilikuwa la tatu."

Mwaka 1974 mjomba alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na Pasaka kwao haikuwa mchele na nyama peke yake, ilikuwa pia redio ya Sauti ya Kenya ikitaja nani amefika wapi na nani amekwama wapi. Nilitafuta ili nimkosoe. Sikuweza. Matokeo ya Safari ya 1974: wa kwanza Joginder Singh na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, wa pili Björn Waldegård wa Uswidi na Porsche 911, wa tatu Sandro Munari wa Italia na Lancia Fulvia. Gari langu la mchezoni! Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu Fulvia kuliko ninavyosoma kuhusu kazi inayonilisha.

Nianze na kampuni yenyewe, kwa sababu bila hiyo gari halieleweki. Lancia ilianzishwa Turin 1906 na Vincenzo Lancia, aliyekuwa dereva wa mashindano. Tangu mwanzo ilikuwa kampuni ya wahandisi. Gari lao la Lambda la 1922 lilikuwa na bodi iliyobeba uzito wake lenyewe, bila chesisi ya chuma chini yake kama ya lori, na magurudumu ya mbele yaliyocheza kila moja peke yake. Wakati huo magari mengi duniani bado yalikuwa mikokoteni yenye injini. Wahandisi wa Lancia walipenda kulitatua jambo upya kila mara, hata pale ambapo jibu la zamani lilitosha. Kama umewahi kufanya kazi na programa wa aina hiyo unajua raha yake na unajua hasara yake. Hasara ilikuja: katikati ya miaka ya 1950 familia ya Lancia ilishindwa na madeni, kampuni ikaenda kwa Carlo Pesenti, tajiri wa saruji.

Chini ya Pesenti mhandisi mkuu alikuwa profesa, Antonio Fessia, mtu aliyeamini sana kwamba gari linapaswa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Fulvia ya milango minne ilitoka 1963. Ilikuwa ya pembepembe kama kabati, gari la daktari au mwalimu mkuu. Halafu Piero Castagnero, mchoraji wa ndani ya kampuni, akaichukua ile Fulvia, akaifupisha, akaichorea bodi mpya ya milango miwili. Husemwa kwamba aliwaza boti za mwendo kasi za Riva, zile za mbao zinazong'aa kwenye maziwa ya Italia. Ukiitazama nyuma inavyoshuka na kukatika, na ubao wa mbao mbele ya dereva, utaliona hilo. Fulvia Coupé ilianza kuuzwa 1965. Mwaka huohuo Joginder Singh, mekanika mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari yake ya kwanza kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine. Miaka tisa baadaye yeye na hiyo Fulvia wangekuwa pamoja kwenye tatu bora.

Sasa injini. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipopenda.

Injini nyingi za silinda nne huzipanga silinda mstari mmoja. Injini za V huzigawa safu mbili zilizofunguka kama herufi yenyewe, kwa kawaida nyuzi 60 au 90, na kila safu ina silinda hedi yake. Maana yake ni hedi mbili, gasketi mbili, kila kitu mara mbili. Lancia walifanya V yenye nyuzi karibu 13 tu. Safu zimekaribiana mno hivi kwamba hedi moja inazifunika zote. Juu ya hedi hiyo kuna kemshafti mbili: moja hufungua vali zote za kuingiza hewa na petroli, nyingine hufungua zote za kutoa moshi. Kwa hiyo unapata injini fupi karibu kama ya silinda mbili, lakini ni nne, na ina vipuri vichache kuliko V ya kawaida. Halafu wakailaza nyuzi 45 upande mmoja ili boneti iwe chini. Nilipoona mchoro wake mara ya kwanza nilihisi kama ninavyohisi nikisoma msimbo wa mtu aliyeondoa mistari mia mbili na programu ikaendelea kufanya kazi ileile. Volkswagen walipotoa VR6 yao 1991 watu waliwapongeza kwa ubunifu. Wazo hilo Lancia walikuwa nalo tangu Lambda.

Injini ya kwanza ya Coupé ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,216 tu, yenye nguvu za farasi 80. Ndogo kuliko ya Probox yoyote inayopita hapa Kakamega na magunia ya mahindi. Ikaja ya 1,298, kisha ya 1,584 kwa ajili ya 1.6 HF, farasi 115 barabarani na zaidi kwenye mashindano. Breki zilikuwa za diski magurudumu yote manne, jambo ambalo magari ya bei kubwa zaidi hayakuwa nalo. Na katikati ya ustadi huo wote, nyuma kuna ekseli ya kawaida na springi za vyuma bapa vilivyopangana, kama za pikapu. Mjomba alipoona hiyo picha alicheka. "Hapo ndipo pesa zilipoisha."

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Gari hilo lilikuwa ghali kulitengeneza. Halikuwa la maskini, bei yake ilikuwa juu kuliko Fiat za ukubwa wake, na hata hivyo faida ilikuwa ndogo, kwa sababu kila kitu kilibuniwa kwa ajili ya gari hilo peke yake na kufanywa vizuri kupita kiasi. Mwishoni mwa 1969 Lancia ilikuwa imezama kwenye madeni na Fiat ikaichukua kwa bei ya kiishara tu. Fulvia ndiyo gari dogo la mwisho ambalo wahandisi wa Lancia walilifanya kwa akili yao wenyewe, kabla ya kuanza kutumia injini na sehemu za tajiri mpya. Anayelipenda leo anapenda hicho hasa: kitu kilichotengenezwa na watu waliokataa kupiga hesabu, kikauzwa kwa bei ambayo mtu wa mshahara angeweza kuiota bila kuchekwa. Ferrari huwezi hata kuiota. Unabandika picha yake ukutani, basi.

Fiat wangeweza kuliua gari hilo mara moja. Lililoliokoa ni mashindano. Kikosi cha mbio cha Lancia, kilichoongozwa na Cesare Fiorio, kiliendelea na Fulvia HF ingawa wapinzani walikuwa na magari mepesi na yenye nguvu zaidi. Januari 1972 Munari akashinda Monte Carlo mbele ya Porsche 911 na Alpine za Ufaransa, na mwisho wa mwaka Lancia ikachukua ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji. Gari la 1965! Ghafla watu wakalitaka tena, na Fiat wakaendelea kulitengeneza hadi 1976.

Na sasa turudi nyumbani. Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na kwa miaka mingi madereva kutoka nje waliiona chungu. Hadi 1971 hakuna hata mmoja wao aliyeishinda; Hannu Mikkola wa Ufini ndiye aliyevunja mwiko huo 1972. Ilikuwa takriban kilomita 5,000, siku za Pasaka, msimu wa masika, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Unakuja mwendo wa kasi, mbele yako kuna lori, ng'ombe, basi la kanisa. Kasi ilihitajika, lakini kilichohitajika zaidi ni gari lisilovunjika na mtu asiyelivunja.

Kwa nini Lancia walileta gari la miaka tisa? Sababu ni ya makaratasi. Gari lao jipya, Stratos, lenye injini ya Ferrari, lilipata idhini ya kushindana Oktoba 1974 tu, na Safari ilikuwa Aprili. Wakaja na mzee. Na hapa anayeishi Kakamega anaweza kuelewa jambo ambalo mwandishi wa Ulaya analipita haraka. Siku ya mvua, kwenye udongo wetu mwekundu, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma hucheza lelemama. Fulvia ina injini yote mbele ya magurudumu ya mbele, na hayohayo ndiyo yanayovuta. Uzito unakaa juu ya tairi zinazofanya kazi. Inajivuta kutoka kwenye tope kama ng'ombe wa jembe. Mjomba husema gari lisilojua matope halijui Kenya.

Joginder alimaliza mbele, na alistahili. Miaka miwili baadaye alishinda tena, mara ya tatu, na jina la Simba likamkaa hadi alipofariki London 2013. Porsche ya silinda sita ilikuwa ya pili. Nyuma yao ilikuwa ile injini ndogo ya V nyembamba. Mwaka uliofuata Lancia walirudi na Stratos, wakawa wa pili na wa tatu nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. 1977 Munari alikuwa wa tatu tena. Yaani Stratos, silaha iliyotengenezwa mahususi kwa ushindi, haikuwahi kushinda Safari. Lancia walingoja hadi 1988, wakati Miki Biasion alipokuja na Delta Integrale.

Lakini jambo lililonifanya niandike leo ni hili. Baada ya Safari ile ya 1974, Lancia walitoa toleo maalumu la Fulvia kwa wanunuzi wa kawaida, kila moja na bamba lenye namba yake, na wakaliita Fulvia Coupé Safari. Bila bampa, rangi nyeusi isiyong'aa hapa na pale, likijifanya limetoka kwenye vumbi sasa hivi. Fikiria mhasibu mmoja wa Milano mwaka 1975 akienda kazini kwa gari lenye jina la Kiswahili, kwa sababu ya matope yetu. Sisi huku tunanunua magari yenye majina ya Kijapani na Kiingereza tusiyojua maana yake. Kumbe kuna wakati bidhaa zilikwenda na jina letu, na lilikuwa linauza. Hatukulipwa hata senti, bila shaka. Hata hivyo nilifurahi, nikamwonyesha mjomba, akasema, "La tatu tu wakaliita Safari. Je, wangeshinda?"

Mnaouliza kama gari hili linaweza kununuliwa: Ulaya, ukiacha zile HF ambazo bei yake imepaa, Fulvia Coupé ya kawaida ya 1.3 hupatikana kwa pesa zinazokaribiana na Toyota Axio iliyotoka Japani. Kwa gari zuri kiasi hicho huo ni muujiza. Lakini usiuze shamba. Hupata kutu, hasa pale fremu ndogo ya mbele inayobeba injini inaposhikana na bodi, na kutu ya hapo humaliza gari. Kwa mvua ya Kakamega sijui ingeishi miaka mingapi nje. Halafu kuna kanuni ya KEBS, KS 1515, isiyoruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Fulvia ya mwisho ilitoka kiwandani 1976. Piga hesabu mwenyewe.

Nilikuwa nimeanza kuhuzunika kabisa, mtu mzima na digrii yake, kwa ajili ya gari nisiloweza kulipata. Ndipo mjomba akanitoa nje tukasimama mbele ya Peugeot yake.

Ni 504 ya milango minne, rangi ilikuwa krimu. Imesimama chini ya mwembe miaka mingi, kuku hulalia kiti cha nyuma. Wengi wetu huku Magharibi tumekua na 504: ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na zile ndefu ndizo zilizowabeba wazazi wetu usiku kwenda Nairobi, abiria wamebanana kama dagaa. Hatukuziona kama urembo, tuliziona kama usafiri. Lakini nani aliichora 504? Pininfarina, wa Turin, mji uleule wa Lancia. Na kulikuwa na 504 Coupé, ya milango miwili, ambayo Pininfarina hawakuichora tu, bodi yake walikuwa wakiijenga wenyewe kwao. Hiyo Coupé, na injini yake ya V6, ndiyo Jean-Pierre Nicolas aliyoshinda nayo Safari ya 1978. Kwa hiyo coupé iliyovaa nguo za Turin ilishinda hapa kabla ya Lancia kushinda, ila ilikuwa na nembo ya simba wa Ufaransa puani. Nilipomweleza mjomba hayo alinitazama kwa huruma. Alikuwa anayajua.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka 504, akataja bei kwa kilo. Mke wa mjomba aliona ni jambo la busara, na kwa hesabu alikuwa sahihi: nafasi ingepatikana na ada ya muhula ingepungua. Mjomba hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele, polepole, hadi yule mtu akachoka kusubiri akaondoka.

Mimi nilikuwa na akiba ya Demio. Si nyingi, lakini ilikuwa inasogea. Tumekubaliana hivi: mke wa mjomba anapata kutoka kwangu ile pesa ya mnunuzi wa vyuma, yote, ili ada isikwame, mjomba anatoa mikono yake, mimi nanunua vipuri na naosha kila kinachofunguliwa. Jumamosi iliyopita tulitoa hedi. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, lakini hedi yenyewe haijapinda. Mjomba aliweka rula ya chuma juu yake, akachungulia mwanga mara tano kabla ya kukubali. Kuku wamehamishwa. Hawajafurahi.

Sasa msaada wenu. Tunatafuta pampu ya maji ya 504 ya petroli, ile ya lita mbili, na kioo cha taa ya nyuma upande wa kushoto. Aliye nayo, au anayejua gereji yenye 504 iliyolala, kuanzia Mumias hadi Eldoret, aseme. Ya kuiga mjomba hataki, ameshaitupa moja.